Benchi la Jumatatu

Leo, Jumatatu iliyofuata maziko ya Bi Hadija, nilipofika ofisini nilimkuta binti yake ameketi kwenye benchi la ukumbini, mahali palepale alipozoea kuketi mama yake, mgongo wima, mikono juu ya mapaja, bahasha ya kaki chini ya kiganja. Tulikuwa tumeonana siku nne kabla, kijijini, miongoni mwa wanawake waliofunga kanga viunoni na kupika wali wa msiba, na pale hatukuzungumza zaidi ya kupeana pole. Sasa aliniamkia, nikaitikia, akaingia ndani, akapanga mezani kwangu vitu vitatu: cheti chake cha darasa la saba, kitambulisho chake cha taifa, na barua ya mahakama ya mwanzo. Mama yake ameacha shamba la mikorosho. Ndugu mmoja wa mbali amesimama mbele ya hakimu na kusema kwamba marehemu alikuwa na mtoto mmoja tu, Zainabu, na kwamba mwanamke huyu, kwa mujibu wa karatasi zake mwenyewe, si Zainabu. "Wanataka mtu aliyekuwepo aandike," alisema. "Nikawaambia yupo. Ila nikakumbuka kwamba mlishaandika mara moja." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayetaja njia ya kwenda kisimani. Nilimwomba asubiri nje kidogo, naye akatoka, akaketi tena kwenye benchi, nami nikafungua kabati la chuma na kulitoa faili ambalo sijalifungua tangu mwaka wangu wa kwanza wa kazi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne na stashahada iliyokuwa bado inanukia wino. Nilipanga chumba kimoja Magomeni ya huku kusini, chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani, kitanda cha futi tatu na ndoo mbili, moja ya maji ya kunywa, nyingine ya kila kitu kingine. Asubuhi nilikwenda ofisini kwa miguu. Ofisi ya Ustawi wa Jamii ilikuwa vyumba viwili mwishoni mwa jengo refu la halmashauri, na katika chumba cha mbele tulikaa wawili: mimi, na mkuu wangu, Bwana Lukanga, ambaye meza yake ilikuwa imeelekezwa mlangoni ili kila aingiaye amwone yeye kwanza. Vijijini hakuna aliyejali jina langu. Waliniita Ustawi. "Ustawi kaja," walisema, na watoto wakakimbilia nyuma ya nyumba, kwa maana ilijulikana kwamba Ustawi huchukua watoto. Nililichukulia hilo kuwa ujinga ambao elimu ingeuondoa. Nilikuwa nimefundishwa mambo mengi mazuri chuoni: kwamba siri ya mteja hailindwi na kitu isipokuwa mlango uliofungwa, kwamba familia nyingi huwaficha watoto wenye ulemavu na wakati mwingine huwakana, kwamba afisa anapaswa kuandika anachokiona, si anachokihisi. Bado naamini kila moja ya mambo hayo. Ndiyo maana ni vigumu kueleza nilichokifanya.

Mtoto aliletwa mwezi wa pili, mvua zikiwa zimepamba moto, na muuguzi wa hospitali. Bibi yake alikuwa amefikishwa hospitalini kutoka kijijini akiwa hoi, akafariki siku ya tatu, akazikwa na watu wa msikiti wa jirani, na mjukuu akabaki ameketi chini ya kitanda kitupu. Mama wa mtoto na mjomba wake walikuwa ng'ambo ya Ruvuma, walikokwenda kulima, na mto ulikuwa umejaa kiasi kwamba hapakuwa na mtu wa kuwapelekea habari. Mtoto alikuwa na umri wa miaka kumi hivi. Kichwa kimenyolewa, ngozi inang'aa kwa mafuta, doti ya kanga mpya imefungwa kwa uangalifu uliopita umri wake. Mkononi mwa muuguzi mlikuwa na kadi ya kliniki, iliyochakaa kwenye mikunjo, na juu yake jina: Ashura Bakari. Mwenyewe ameniruhusu niliandike jina hilo hapa, mahali pale tu ambapo habari haiwezi kwenda bila hilo.

"Ashura," nilimwita. Hakuitika. Nilimwita tena, taratibu, kisha kwa sauti. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, ingawa nilimpa kiti, na macho yake yalikuwa yametua mahali fulani karibu na mguu wa meza. Bi Esha, mhudumu wetu, aliingia na chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha. Mtoto alipokea kwa mikono miwili, akala kimya, kidogo kidogo, uso chini, akakung'uta makombo kwenye kiganja badala ya sakafuni. Bi Esha alisimama kidogo akimtazama kwa namna ambayo sasa najua ilikuwa ya kuridhika, akafungua mdomo kusema neno, nami nikamshukuru na kumfungia mlango. Siri ya mteja. Nilimwita mtoto mara sita siku ile, nami niliandika idadi hiyo. Kisha nikazunguka nyuma yake na kupiga meza kwa mashine ya kubania karatasi. Hakugeuka. Nilikuwa nimesimama upande, pembeni mwa bega lake, na niliona kope zake zikicheza. Niliziona. Daktari wa hospitali alikuwa ameandika tu kwamba masikio hayana usaha wala jeraha, na mimi nikaongeza chini yake, kwa mwandiko wangu mzuri wa chuoni: haitiki anapoitwa kwa jina, hatazami mtu usoni, hashtuliwi na sauti, anadhaniwa kuwa kiziwi tangu kuzaliwa. Kope sikuziandika.

Alilala katika wodi ya watoto wiki sita. Barua niliyompelekea mtendaji wa kijiji haikujibiwa kwa kuwa barabara ilikuwa imekatika, na mimi sikuingoja barabara. Bwana Lukanga alikuwa na haraka ya kitanda, kwa sababu hospitali ilikuwa inampigia simu kila asubuhi, nami nilikuwa na haraka ya jambo ambalo nililiita huruma. Nilipata nafasi katika kituo cha watoto viziwi, mkoa mwingine, safari ya siku mbili kwa basi kwa barabara za wakati ule. Nilimnunulia ndala. Nilimpandisha basi akiwa na muuguzi, nikampungia mkono, na usiku ule nilikula ugali wa muhogo na kisamvu kwa mwenye nyumba wangu, nikamweleza, bila kutaja jina, kwamba nimemwokoa mtoto. Aliniuliza, "Ndugu zake wamesema nini?" Nikamjibu kwamba ndugu hawajulikani walipo. Akanisogezea bakuli la mboga na kusema, "Haya. Kula."

Bi Hadija alikuja mwezi wa tano. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, chale za zamani zimefifia mashavuni, na Kiswahili chake kilitoka kwa shida kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Kijijini walikuwa wamemwambia kwamba mama yake amefariki na mtoto amechukuliwa na Ustawi. Aliketi pembezoni mwa kiti. Alisema anamtaka mwanawe, Zainabu. Nilifungua rejista, hapakuwa na Zainabu yeyote. Lakini kijiji kilikuwa kilekile, baba ni Bakari, bibi amefia katika hospitali ileile. Kusema kwamba sikujua ni uongo. Nilijua ni mtoto yuleyule.

"Mtoto wako ana tatizo gani?" nilimuuliza.

"Hana tatizo. Anasema sana. Anasema mpaka namwambia pumzika."

"Anasikia?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza iwapo mtoto ana damu. "Anasikia."

Ndipo nilipomuuliza, kwa sauti ile ya upole niliyoifanyia mazoezi darasani, mbele ya Bwana Lukanga na mwanamume mwingine aliyekuja kufuata barua: "Mama, unamtambua mtoto anayeitwa Ashura Bakari?"

Alivuta upande wa kanga akafunika mdomo. Kisha akasema, "Mwanangu Zainabu," akainuka, akatoka, akaketi kwenye benchi la ukumbini. Bwana Lukanga alinitazama juu ya miwani. "Umeona?" alisema. "Wanawakana. Hawataki mtoto bubu." Nikaandika kwenye faili: Mama amemkana mtoto kwa sababu ya ulemavu wake. Ushauri nasaha uendelee. Nilitoka nikamwambia kwamba siku atakapokuwa tayari kumpokea mtoto wake jinsi alivyo, mlango wangu uko wazi.

Alikuja kila Jumatatu. Alipanda gari la alfajiri, akafika kabla sijafika, akaketi wima, na mimi nikamwita ndani, na kila Jumatatu, kwa upole uleule, nikamuuliza kama anamtambua Ashura. Mara nyingine hakujibu. Mara nyingine alijibu lilelile. Mara moja, mwezi wa nane, alilia, akasema, "Ustawi, nimekukosea nini?" nami nikaandika: anaanza kuonyesha dalili za majuto. Nimezisoma kurasa hizo asubuhi ya leo. Mwandiko ni mzuri sana.

Kilichotufumbua macho hakikuwa akili yangu. Kulikuwa na mlinzi, Mzee Litunu, aliyetoka kijiji kimoja na Bi Esha na aliyekuwa akimtania tangu asubuhi hadi kufunga ofisi. Ulikuwa msimu wa mabibo ya mikorosho, mji mzima unanuka utamu wa kuchacha, na mchana mmoja nilikuwa dirishani nikila dagaa wa kukaanga kwenye kipande cha gazeti nilipowasikia uani.

"We bibi, chai yangu iko wapi?"

"Chai yako iko kwa mkeo."

"Umeanza kiburi. Nitakuita lile jina."

"Thubutu."

"Nitaliita. Nilikuwepo mimi ulipokuwa unakimbia na kamasi, unaitwa..." Akalitaja. Sitaliandika hapa. Nilisikia sufuria ikitua ukutani, maji yakimwagika, na sauti ya Bi Esha, ambayo sikuwahi kuisikia ikipanda, ikipanda. "Mshenzi wewe! Unanivua nguo mchana kweupe! Mimi nimechezwa, nimetolewa, nimepewa jina la bibi yangu, halafu unaniita lile! Mwite mama yako!" Na Mzee Litunu, mzee mzima wa mvi, alikuwa anaomba radhi kwa haraka, anasema alikuwa anatania tu, kwamba atampelekea kuku kesho.

Nilitoka na gazeti la dagaa bado mkononi. Nilimuuliza Bi Esha kuna nini. Aliinama kuokota sufuria. "Hayo ya kwetu, mwanangu," alisema. "Mtoto akichezwa unyago, akitoka, ana jina jipya. Lile la utotoni limekwisha. Anayekuita hilo amekutukana. Wali, hao wanaochezwa, wanafunzwa: ukisikia linaitwa, usiitike, usigeuke. Ukiitika umejirudisha nyuma kote." Nilimuuliza, na nilijisikia nikiuliza kutoka mbali, mwali aliyetoka juzi unamjuaje. Alishangaa swali lenyewe. "Si unamwona? Kanyolewa, kapakwa mafuta, ana kanga mpya. Anapiga magoti. Hatazami mkubwa usoni. Kama yule uliyekuwa naye wakati wa mvua. Nilitaka kukwambia yule mtoto kafunzwa akafunzika, ukanifungia mlango."

Siku ile haikuwa Jumatatu. Nililazimika kungoja siku nne. Bi Hadija alipokuja nilimtoa nje ya chumba kile, nikamkalisha jikoni kwa Bi Esha, na wao wawili wakazungumza Kimakonde, nami nikasimama mlangoni nikiangalia uso wa mama ukibadilika. Nilimwomba Bi Esha amuulize kwa nini hakuniambia tu, hata kwa kuninong'oneza. Jibu lilikuwa refu. Bi Esha alilifupisha: "Anasema alidhani unajua. Anasema alidhani ndiyo sharti lenu, kwamba mpaka amtukane mwanawe mbele ya wanaume ndipo mtampa. Na anasema aliogopa. Mtoto hajulikani aliko. Ukimwita aliye mbali kwa jina lililokwisha, naye aliko anaweza kwisha."

Bwana Lukanga alisikiliza habari yote, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya. Alitoa ruhusa ya safari siku hiyohiyo. Lakini nilipoomba kulisahihisha faili, aliweka kiganja juu yake. "Binti," alisema, "Ustawi haukosei. Ustawi unapokea taarifa mpya. Andika: mama amepatikana." Nikaandika: mama amepatikana. Mama aliyekuwa amekaa kwenye benchi letu miezi sita.

Tulisafiri sisi wawili, Bi Hadija na mimi, siku mbili, tukigawana mayai ya kuchemsha na maji ya chupa moja. Kituoni mama mlezi alitupokea kwa mshangao. Walikuwa wamegundua tangu mwezi wake wa pili pale kwamba mtoto anasikia. "Tuliwaandikia," alisema. "Barua mbili. Hamkujibu." Mtoto hakuwahi kusema neno, alisema, lakini alijifunza ishara za wenzake haraka, anacheza nao, na siku hizi ukimwita anakuja. Alikuwa uani na wasichana wengine, wanaosha sahani kwenye karai. Nywele zilikuwa zimeota. Alivaa sare ya buluu.

Bi Hadija alisimama mwisho wa baraza, akamwita. "Zainabu." Mtoto aliinua kichwa. Alimwona mama yake, hilo sina shaka nalo. Alimtazama kama mtu anavyotazama picha. Kisha akarudi kwenye sahani. Mama aliita tena, na safari hii mtoto hakuinua hata kichwa. Mama mlezi, kwa nia njema, akaita kutoka mlangoni, "Ashura, njoo!" na mtoto akasimama mara moja, akafuta mikono kwenye sketi, akasubiri kuambiwa la kufanya. Bi Hadija aliona nilichokiona: mwanawe ameliitika lile, amejirudisha nyuma kote. Aliteremka kutoka barazani, akatembea hadi katikati ya ua, akajifunika kanga kichwani mpaka machoni kama aliyefiwa, na kwa sauti ndogo, mbele yetu sote, akamwita mwanawe kwa jina lile ambalo kwa miezi sita nilikuwa namtaka alitamke. Aliliita mara moja tu.

Mtoto aliangusha sahani. Akasema, kwa sauti iliyokwaruza kama bawaba, maneno ya kwanza ambayo mtu yeyote wa pale kituoni alipata kuyasikia kutoka kwake: "Mama, hata wewe?"

Tulirudi watatu. Njiani aliketi dirishani, mama yake katikati, mimi pembeni. Aliishi. Alikwenda shule, na shule ilimsajili kwa barua yetu, na barua yetu ilitoka kwenye faili, na faili lilisema lilichosema. Ndivyo jina lile lilivyofika kwenye cheti, na kutoka kwenye cheti kwenye kitambulisho. Kijijini alikuwa Zainabu. Kila palipo na karatasi alikuwa yule mwingine. Hakurudi kuwa mtoto wa kusema sana. Na Bi Hadija, kila alipoletwa mjini na shida ya soko au ya hospitali, alipitia kwetu akaketi kwenye benchi. Nilitoka mwanzoni nikamuuliza anahitaji nini. "Nimekaa tu," alisema. Alikaa nusu saa, akainuka, akaenda zake. Bwana Lukanga alistaafu, akafariki. Bi Esha alirudi Mikindani kwa mwanawe. Jengo lilipakwa rangi mara tatu. Mimi nikapewa meza inayoelekea mlangoni. Kwa miaka yote hiyo nilimwona Bi Hadija kupitia mlango ule na sikumwambia neno nililopaswa kumwambia. Nilikuwa nikingoja, nadhani, aniulize. Yeye alikuwa ameshauliza, mwezi wa nane wa mwaka ule, na nilikuwa nimeandika swali lake kuwa dalili ya majuto.

Asubuhi ya leo nilichukua karatasi safi. Wakili ataigongea muhuri, hakimu ataisoma, na huenda ndugu yule wa mbali ataomba isomwe kwa sauti mbele ya watu. Niliandika kwamba mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilimsajili mtoto mwenye kusikia kuwa kiziwi, kwa sababu nilimwita jina ambalo hakupaswa kuliitika, na kwamba kope zake zilicheza nami nikaziona. Niliandika kwamba mama hakupatikana, kwa kuwa hakuwahi kupotea. Alikuwepo wakati wote, mlangoni. Niliandika kwamba hakumkana mtoto, na kwamba maneno yaliyomo kwenye faili kuhusu jambo hilo ni yangu na si ya kweli. Niliandika kwamba mwanamke mwenye karatasi zile ndiye Zainabu, mtoto wa Bi Hadija. Nilitia sahihi. Mkono ulikuwa wa mtu anayemaliza kazi aliyochelewa nayo.

Kisha nikafungua mlango. Ukumbini walikuwa wameongezeka watu watatu au wanne, wanaume kwa wanawake, kama ilivyo kila Jumatatu. Yeye alikuwa palepale, mgongo wima, anatazama sakafu. Nilimwita kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Zainabu Bakari." Hakuinuka mara moja; ofisi hii haikuwahi kumwita hivyo. Watu walianza kugeuka kumtafuta huyo aliyeitwa, na mzee mmoja akamuuliza jirani yake kama ndiye yeye. Nilishika kitasa cha mlango. Sikumwita mara ya pili. Nilisubiri.